Kerneli iitendeeje saa ya mazabodi: isome kila mara, au mara moja basi?

kiota_cha_biti

Habari zenu wadau. Naandika kerneli yangu ndogo (kiini cha mfumo endeshi) ya prosesa za x86 kwa ajili ya kujifunza, imeshafika hatua ya kubuti yenyewe, draiva ya kibodi ipo, shell ndogo ipo, sasa nimekwama kwenye kitu ambacho nilikipangia jioni moja tu na hii ni wiki ya pili: saa. Nazungumzia ile saa iliyo kwenye mazabodi, yenye betri yake ya duara, ambayo inaendelea kuhesabu hata ukichomoa waya wa umeme.

Nilivyofanya ni hivi, mtu akiandika amri ya kuonyesha saa kerneli inaandika namba ya rejista (kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu ya saa) kwenye poti 0x70 halafu inasoma jibu kwenye 0x71, inaanza na sekunde, dakika, saa, tarehe, mpaka mwaka. Na kabla ya kuanza naangalia biti ya juu kabisa ya rejista A, ile inayosema saa iko katikati ya kujibadilisha, nikikuta ni 1 nasubiri mpaka iwe 0. Kwa hiyo sijaruka maelekezo ya chipu, nimeyasoma yote.

Lakini niliiacha programu isome mfululizo kutwa nzima, jioni napitia matokeo nakuta sehemu kadhaa muda umeruka mbele halafu ukarudi, mfano 14:59:59, ikafuata 15:00:59, ikafuata 15:00:00. Siyo mara nyingi, kwenye maelfu unaipata moja, ila ipo. Afu kwenye mashine moja ya zamani ndio kabisa, asubuhi inasoma vizuri, ikifika saa sita mchana inanipa saa 92, inayofuata 81, halafu 82, 83, inaendelea hivyo mpaka usiku. Kodi ni ileile.

La mwisho, kompyuta ninayojaribia ina mfumo mwingine pia, Windows, nikitoka kwangu nikaingia kule saa imepotea, nikirekebisha kule nikarudi kwangu imepotea tena. Sasa nimeanza kujiuliza swali kubwa zaidi ya hizi bagi ndogo ndogo: kerneli inapaswa kuishi vipi na hii saa? Isome kila inapoulizwa, au mara moja wakati wa kubuti? Iamini kwamba ndani kuna UTC (saa moja ya dunia nzima) au saa za eneo? Na iruhusiwe kuiandika? Maana nikiangalia mifumo mikubwa naona kila mmoja una tabia yake.

---

nyundo_ya_intarapti

Mkuu hizo mbili za mwanzo zinajulikana, ngoja tuzimalize kwanza.

15:00:59 maana yake ulisoma sekunde kabla saa haijabadilika ukasoma dakika na saa baada ya kubadilika. Unauliza ilitokeaje wakati umeangalia ile biti. Biti ikiwa 0 inakuahidi kitu kimoja tu, kwamba mabadiliko hayataanza ndani ya mikrosekunde 244 zijazo. Hizo zinatosha kabisa kusoma rejista zote, mradi hakuna anayekukatiza. Ila kerneli yako ina draiva ya kibodi, kwa hiyo ina intarapti, na bila shaka ina intarapti ya kugawa zamu pia, ikija moja umeshasoma sekunde lakini hujafika kwenye dakika, prosesa inaenda kushughulika kwingine, inarudi baada ya milisekunde kadhaa na ile ahadi imeshakwisha zamani. Wewe unaendelea kusoma kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo zima intarapti wakati wa kusoma, halafu soma mara mbili na ulinganishe, raundi mbili zikifanana ndio uamini, zisipofanana rudia. Wengine wanasema ukifanya moja nyingine haina kazi, mi nafanya zote mbili kwa sababu gharama yake ni ndogo na nimeshaona emyuleta ambazo hiyo biti haiwaki kabisa. Na weka kikomo cha kusubiri. Kwenye chipu halisi yenye kristali ya hezi 32768 mabadiliko huchukua karibu milisekunde 2, sasa kama umesubiri sekunde nzima na biti bado ni 1 ujue chipu imekufa au haipo, usiiache kerneli ikizunguka kwenye lupu milele wakati wa kubuti kwa ajili ya saa.

Kingine ambacho hujakiuliza ila kitakuuma ukiongeza prosesa ya pili: 0x70 na 0x71 ni poti mbili zinazofanya kazi kama jozi, prosesa moja ikiandika namba ya rejista kabla haijasoma nyingine ikaandika namba yake, ya kwanza inasoma rejista ya mwenzake. Weka loki moja juu ya jozi yote, na kila anayegusa hiyo chipu apite hapo, hata kama anafuata baiti za CMOS (kumbukumbu ndogo iliyo kwenye chipu hiyohiyo) na siyo saa. Na biti ya 7 ya poti 0x70 haihusiani na saa, kwenye PC ndiyo inayoziba ile intarapti isiyozuilika, NMI, usiiguse kwa bahati mbaya.

Saa 81 ni rahisi. Rejista B, biti ya 1 ikiwa 0 saa iko kwenye mtindo wa saa 12, na hapo biti ya juu ya rejista ya saa inawaka baada ya adhuhuri. Saa 7 mchana inaandikwa 1 pamoja na hiyo biti, yaani 0x81, wewe ukaipitisha kwenye hesabu ya BCD (kila tarakimu ya kawaida inakaa kwenye biti zake nne) ukapata 81. Toa hiyo biti kwanza, badilisha BCD, halafu ongeza 12. Angalia sana pale kwenye 12 yenyewe: 12 ya usiku ni 0, 12 ya mchana inabaki 12, hapo ndipo wengi hukosea. Na biti ya 2 ya rejista B inakwambia kama namba ni BCD au ni namba za kawaida. Usidhani, soma B kila unapobuti, na usibadilishe mtindo uliokuta, maana BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine) inautegemea.

---

mlinzi_wa_sekunde

Nyundo amemaliza upande wa kusoma na sina cha kuongeza hapo, ila mi naona ukirekebisha hizo bagi zote bado utakuwa umejenga kitu kibovu, kwa sababu kosa la kwanza ni kwamba amri ya kuonyesha saa inafika kwenye hiyo chipu kabisa. Haipaswi kufika.

Fikiria hiyo chipu inakupa nini. Inahesabu sekunde nzima tu, hakuna chini ya hapo. Kila ukigusa poti unalipa karibu mikrosekunde nzima, na kwenye prosesa ya leo mikrosekunde ni maelfu ya maelekezo. Ndani yake kuna kristali ya hezi 32768, namba iliyochaguliwa kwa sababu ni 2 kwa kipeo cha 15, ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unabaki na mpigo mmoja kwa sekunde, saketi rahisi, umeme kidogo mno, ndio maana betri ndogo inaibeba kwa miaka. Ila kristali hiyo ikipotea kwa sehemu 20 katika milioni, na hiyo ndiyo hali ya kawaida, umepoteza sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Na joto likibadilika nayo inabadilika. Hii ni saa ya kuuliza "tulizima lini na sasa ni lini takriban", siyo saa ya kuendeshea mfumo.

Kwa hiyo kerneli iisome mara moja, wakati wa kubuti, ibadilishe kuwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na kuanzia hapo itunze muda wake yenyewe kwa kaunta za ndani. Unazo nyingi: ile ya zamani ya 8254 inayokwenda hezi 1193182, ya ACPI (utaratibu wa BIOS kuuelezea mfumo vifaa na umeme wa mashine) hezi 3579545, HPET angalau megahezi 10, na TSC iliyo ndani ya prosesa yenyewe tangu Pentium ya 1993, ambayo kuisoma ni maelekezo machache tu bila kugusa poti yoyote. Chagua iliyo bora kwenye mashine hiyo na ujue kubadilisha kama itaonekana haiaminiki, TSC za zamani zilikuwa zinabadilika kasi prosesa ikipunguza mwendo.

Sasa sehemu ambayo nakuomba usiipite haraka. Tunza vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kaunta inayoanza sifuri ukibuti na hairudi nyuma kamwe, hata mtu afanye nini. Cha pili ni tofauti kati ya hiyo kaunta na kalenda. Muda wa kalenda ni kaunta kujumlisha tofauti, basi. Mtumiaji akibadilisha saa, au NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia netiweki) ikirekebisha, inaguswa ile tofauti peke yake. Na kila kitu kinachosubiri ndani ya kerneli, programu kulala milisekunde 50, muunganisho wa netiweki kungoja jibu, zamu za prosesa, vyote vitumie kaunta. Niliwahi kutunza seva moja ambayo programu yake ilipima muda wa kusubiri kwa kalenda, siku moja saa ikarekebishwa kurudi nyuma dakika 40 na programu nzima ikasimama dakika 40, kila uzi umelala ukisubiri muda ambao ulishapita mara moja na ulikuwa unakuja tena. Nilitafuta kosa kwenye netiweki, kwenye diski, kila mahali isipokuwa kwenye saa. Sitaki mtu mwingine apitie siku kama ile kwa sababu tu kerneli haikumpa kaunta ya kutumia.

Kitu kidogo cha mwisho, ukisoma chipu wakati wa kubuti ikakwambia sekunde 20 wewe hujui kama ni 20.01 au 20.99. Unaweza kusubiri mpaka sekunde igeuke upate ukweli ndani ya milisekunde chache, lakini umeichelewesha buti kwa hadi sekunde nzima. Linux inapoweka saa ya mfumo kutoka kwenye chipu inaongeza nusu sekunde na kuendelea, wastani wa kosa unakuwa umekaa katikati. Mi naona hiyo inatosha, anayetaka zaidi atatumia NTP.

---

kamba_mbili

Nakubaliana na karibu yote hapo juu ila kwenye UTC na saa za eneo naomba nitangulie kabla hamjamwambia "UTC tu, basi". Tangu PC/AT ya 1984 ilipokuja na chipu ya MC146818, mfumo uliokuwa juu yake ulikuwa DOS, na DOS haikuwa na habari ya maeneo ya saa, mtu alikuwa anaandika saa anayoiona ukutani kwake ndiyo inakaa ndani. Windows ikarithi hivyo. Kwa hiyo kwenye mashine nyingi sana kilichomo ndani ya chipu ni saa za eneo, huo ndio ukweli, na ukurasa wa BIOS ukiufungua mtu anategemea kuona saa inayofanana na ya mkononi mwake. Kerneli ikija inasema "mimi nasoma UTC" halafu ikaandika UTC humo, mtumiaji hatosema Windows ina tabia ya zamani, atasema mfumo wako mpya umemharibia saa. Mfumo mgeni ndio unaofuata utaratibu wa wenyeji.

---

mlinzi_wa_sekunde

@kamba_mbili nakuelewa na mtumiaji ana haki ya kukasirika, lakini tuangalie saa za eneo zinamtaka nani ajue nini.

Ili kerneli igeuze saa za eneo kuwa sekunde tangu 1970 lazima ijue eneo, na siyo tofauti ya masaa tu, ijue kanuni za eneo hilo, kwa sababu kuna nchi zinasogeza saa mbele majira ya joto na kurudisha nyuma baadaye, na serikali hubadilisha hizo kanuni zinapotaka. Hizo kanuni ziko kwenye faili kwenye diski. Diski inahitaji kufungwa kwenye mfumo (kuunganishwa, yaani mount) kabla ya kusoma faili. Na mfumo wa faili unaangalia saa wakati wa kufungwa! Wale waliowahi kukutana na e2fsck (programu ya Linux ya kukagua diski) ikilalamika kwamba diski ilifungwa mara ya mwisho "wakati ujao", mara nyingi chanzo ni hiki: kerneli imesoma saa za eneo ikadhani ni UTC, na aliyetakiwa kusahihisha bado hajaanza kazi.

Halafu kuna usiku ule saa zinaporudishwa nyuma. Saa 01:30 inatokea mara mbili. Ukibuti ukaikuta 01:30 ndani ya chipu, ni ya kwanza au ya pili? Hakuna biti inayokwambia. Na kama mifumo miwili iko kwenye kompyuta moja, wa kwanza unabuti unaona majira yamebadilika unarudisha saa moja nyuma, kesho unabuti wa pili nao unaona majira yamebadilika unarudisha tena. Kila mmoja umefanya kazi yake sawasawa na saa imeharibika.

UTC haina hayo. Namba iliyo ndani haitegemei mtu yuko wapi wala serikali yake imeamua nini. Ninapokukubalia ni hapa: kerneli iwe na namba moja ya kupokea kutoka nje, tofauti kwa dakika, ambayo kama haijapewa ni sifuri. Anayejua maeneo ya saa, yaani programu ya juu, ndiye anayeipeleka. Linux ilifanya hivyo, wito wa kwanza wa settimeofday wenye eneo la saa bila muda unasogeza saa ya mfumo mara moja, na ndivyo mashine zenye saa za eneo ndani ya chipu zinavyookolewa. FreeBSD nayo uwepo wa faili /etc/wall_cmos_clock ndio unaosema chipu ina saa za eneo, na programu ya adjkerntz ndiyo inayoiambia kerneli tofauti. Kerneli haikisii. Na kwa wanaotaka kumaliza ugomvi upande wa pili, Windows ina thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejistri yake, ukiiweka 1 inasoma chipu kama UTC.

---

kamba_mbili

Namba moja kutoka nje naikubali. Nilichokuwa nakataa ni kerneli kulazimisha bila mlango wa kutokea.

Ila UEFI, mrithi wa BIOS, ilileta sehemu ya eneo la saa kwenye jibu lake la GetTime (wito wa kuuliza saa), kwa nini tusiitumie hiyo tukaacha kubishana?

---

mlinzi_wa_sekunde

Kwa sababu hiyo sehemu inaruhusiwa kuwa na thamani 2047, maana yake "haikutajwa", na ikiwa hivyo umerudi palepale ulipoanza.

---

fundi_kristali

Mimi nataka kuongelea kuandika, maana ndipo naona watu wanaharibu bila kujua.

Mazoea ya watu wengi ni kwamba mfumo ukizimwa unakopi muda wake kwenye chipu. Inasikika vizuri. Lakini jiulize muda wa mfumo ulitoka wapi. Ulitoka kwenye chipu hiyohiyo asubuhi, halafu ukaendelezwa kwa kaunta ambayo kerneli iliipima kasi yake kwa milisekunde chache wakati wa kubuti. Ukipima kitu kwa muda mfupi hivyo kosa linaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko la kristali ya chipu. Sasa jioni unachukua muda uliopotea zaidi unaufutia muda uliopotea kidogo. Ni kumfundisha anayejua kuliko wewe. Na ukifanya hivyo kila siku makosa yanajumlishana, mtu anakuja kulalamika betri imekufa kumbe betri ni nzima, ni mfumo unaoichafua.

Kanuni yangu ni kwamba kerneli iandike tu pale ambapo ina sababu ya kuamini muda wake kuliko wa chipu, na sababu hizo ni mbili tu, mtu ameweka saa kwa mkono, au kuna chanzo cha nje kama NTP na kimethibitisha kwamba kimelingana. Linux ina alama ya kusema "bado sijalingana", na ikiwa imewaka kerneli haiandiki kitu. Alama hiyo ikizimwa na NTP, kerneli inaandika kwenye chipu kila dakika 11. Wengine wanaipenda hii hali ya dakika 11 kwa sababu umeme ukikatika ghafla chipu iko sawa. Ina gharama yake lakini, hwclock, programu ya Linux ya kusoma na kuandika chipu, hutunza kwenye /etc/adjtime hesabu ya chipu inapotea kiasi gani kwa siku, ili mashine ikikaa mwezi mmoja imezimwa iweze kusahihisha ikiwashwa, na kama kerneli inaandika chini kwa chini kila dakika 11 hiyo hesabu haina maana tena. chrony, programu ya NTP, wamelazimisha uchague moja, ama kerneli iandike ama yenyewe ipime upotevu, siyo vyote. Wewe kwenye kerneli yako amua mwandishi ni mmoja, na mwingine yeyote apite kwake.

Namna ya kuandika nayo ina jambo lake. Unawasha biti ya 7 ya rejista B ili saa isimame kujibadilisha, unaandika namba zako, unazima. Lakini ukitaka usahihi chini ya sekunde lazima ujue kwamba kwenye MC146818 na chipu zinazoiiga, ukirudisha kigawanyo cha kristali sifuri na kukiachia, sekunde ya kwanza inageuka baada ya milisekunde 500, siyo 1000. Kwa hiyo andika 19 pale muda wako halisi ukiwa 19.5, nusu sekunde baadaye chipu inageuka 20 na ukweli nao ni 20. Usipojua hilo kila ukiandika unaongeza kosa la nusu sekunde na utalitafuta mpaka uchoke.

Na andika namba zote kwa pamoja, mwaka mpaka sekunde. Zamani Linux kwenye PC ilikuwa inaandika dakika na sekunde tu ili isivuruge chipu zenye saa za eneo, ilikuwa njia ya kukwepa ugomvi wa hapo juu, na kwa maeneo yenye tofauti ya nusu saa au robo saa haikuwa njia nzuri hata kidogo.

---

bodi_bila_betri

Mmeongea kama vile chipu ipo kila mahali. Mimi nafanya kazi na bodi ndogo ambazo hazina kabisa. Raspberry Pi zote kabla ya ile ya 5 ya 2023 hazikuwa na saa ya ndani, ukiiwasha bila intaneti haijui ni mwaka gani. Na hata kwenye PC betri inakufa.

Kinachonisikitisha ni kerneli kudanganya. Haina saa, lakini mtu akiuliza inajibu 1 Januari 1970 kwa uhakika kabisa kama vile inajua. Halafu programu ya juu inajaribu kufungua muunganisho salama, cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa, na kama hata huduma ya kupata saa inapitia muunganisho salama basi umefungiwa nje, unahitaji saa ili upate saa. Kwenye x86 chipu yenyewe inakusaidia, rejista D biti ya 7 ikiwa 0 inakwambia umeme wa betri ulipungua na yaliyomo ndani hayaaminiki. Isome hiyo! Wengi hawaisomi. Halafu linganisha tarehe uliyopata na tarehe kerneli ilipojengwa, kama iko nyuma yake ni uongo, haiwezekani kerneli kukimbia kabla haijajengwa. Kwenye hali hizo mbili anza na tarehe ya kujengwa na uweke alama inayosomeka kutoka juu kwamba muda haujulikani, ili programu ziamue zenyewe. Kuhifadhi muda wa mwisho kwenye faili na kuanzia hapo ukibuti ni kazi ya programu ya juu, fake-hwclock na systemd-timesyncd zinafanya hivyo, angalau muda haurudi nyuma.

Hiyo tarehe ya kujengwa inakusaidia kwenye mwaka pia, rejista ya mwaka ina tarakimu mbili tu. Karne kwenye mashine nyingi iko 0x32 lakini siyo zote, jedwali la FADT la ACPI ndilo linalosema iko wapi, na kama halisemi usikisie, chukua mwaka wa kujengwa kuwa kikomo cha chini. Na sekunde zako ziwe biti 64 tangu leo. Linux kwenye mashine za biti 32 ilikamilisha hilo kwenye toleo la 5.6 la 2020 baada ya kazi ya miaka, kwa sababu za biti 32 zinaisha 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Wewe unaanza upya, huna cha kuvunja.

---

kiota_cha_biti

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Nimefanya kazi siku tatu hizi. Kuzima intarapti na kulinganisha raundi mbili kumemaliza ile 15:00:59, nimeiacha kutwa mbili haijatokea hata moja. Mashine ya zamani kweli ilikuwa kwenye mtindo wa saa 12, imekaa sawa. Nimetoa kabisa kusoma chipu kwenye amri ya saa, sasa ni TSC na ile tofauti, na loader (programu inayoipakia kerneli) ndiyo inapokea dakika za eneo. Rejista D kwenye hiyo mashine ya zamani inanipa 0 kwenye biti ya 7, kwa hiyo betri yake ndio imekufa na mimi nilikuwa naamini tarehe zake muda wote huu.

Kuandika nimekuzima kabisa mpaka nitakapokuwa na NTP, @fundi_kristali umenishawishi.

Kimebaki kimoja. Nikiilaza mashine halafu ikaamka, TSC imeanza upya na kaunta yangu inadhani hakuna muda uliopita. Hapo nasoma chipu mara ya pili au navunja kanuni?

---

mlinzi_wa_sekunde

Huvunji, kulala ni kama kubuti upya kwa upande wa saa. Soma chipu sekunde ya mwisho kabla ya kulala, isome ukiamka, tofauti yake ndiyo muda uliolala. Kwa sababu kila kusoma kuna kosa la hadi sekunde moja, mashine inayolala na kuamka mara mia kwa siku itajumlisha makosa, kwa hiyo kabla ya kulala hifadhi pia tofauti kati ya muda wako na wa chipu, na kama safari hii haijabadilika zaidi ya sekunde mbili hivi tumia ile ya zamani badala ya kupima upya, ndivyo Linux inavyofanya. Na kama mashine ina kaunta isiyosimama wakati wa kulala itumie hiyo, achana na chipu.

Swali gumu ni muda huo uuongeze wapi. Kwenye kalenda, lazima. Kwenye kaunta isiyorudi nyuma, hapana, vinginevyo programu iliyosema "nisubirie sekunde 30" mashine ikalala masaa nane ikiamka inakuta muda wake umeisha papo hapo, na kila muunganisho unakatika pamoja. Mwaka 2018 Linux walijaribu kuifanya CLOCK_MONOTONIC (kaunta yao isiyorudi nyuma) ihesabu na usingizi, programu zikaanza kuharibika, wakairudisha ilivyokuwa kabla toleo la 4.17 halijatoka. Wanaohitaji kuhesabu usingizi wana CLOCK_BOOTTIME. Nawe wape kaunta mbili.

---

nyundo_ya_intarapti

Na ukiamka soma rejista B upya kabla ya kusoma saa. Nimeona BIOS zinazoigusa hiyo rejista wakati wa kuamsha mashine, mtindo uliouhifadhi wakati wa kubuti unaweza kuwa siyo wenyewe tena.